Safari Rally 1973: Adhabu ilipowatenganisha madereva wa timu moja

SHEKHAR Mehta na Harry Källström walipokamilisha mashindano ya magari ya East African Safari, Pasaka ya mwaka 1973, kadi zao za muda zilijumlishwa na hesabu ikawa ile ile. Baada ya takriban kilomita 5,000 za vumbi, matope na mawe, kila mmoja alikuwa amekusanya idadi sawa kabisa ya alama za adhabu. Isitoshe, wote wawili walikuwa madereva wa timu moja, Datsun ya Japani.

Mehta ndiye aliyetawazwa mshindi. Källström, raia wa Uswidi aliyekuwa amekwisha kutwaa mashindano ya RAC ya Uingereza mara mbili mfululizo, 1969 na 1970, aliandikwa wa pili. Hakuzidiwa hata kwa dakika moja. Alishindwa kwa kifungu kimoja cha kanuni.

Mashabiki wa magari ya langalanga mitaani Eastlands hubishana kila msimu kuhusu jambo hili, iwe ni mbele ya runinga katika mkahawa wa Buruburu au kwenye steji ya matatu huko Umoja: madereva wawili wa timu moja wakigombania taji, nani ana haki ya kuwatenganisha, na ni adhabu ya namna gani inayostahili kuitwa ya haki? Kisa cha 1973 kinafaa kutangulizwa katika mjadala huo kwa sababu kilitokea hapa kwetu, na kwa sababu adhabu ndiyo iliyokuwa mezani tangu mwanzo hadi mwisho.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mbio za kuzunguka uwanja. Barabara hazikufungwa kwa ajili ya madereva. Walikutana njiani na mabasi, malori, ng'ombe na watu waliokuwa wakienda zao sokoni. Gari liliondoka kituo kimoja cha ukaguzi kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi, na lilitarajiwa kufika kituo kilichofuata kwa saa nyingine iliyoandikwa vile vile. Aliyechelewa kwa dakika moja alipata alama moja ya adhabu. Aliyechelewa kwa saa nzima alipata alama 60. Mwishoni, mwenye alama chache zaidi alikuwa mshindi.

Msomaji atambue hapa tofauti iliyopo kati ya adhabu hizi na zile tunazozisikia leo. Alama ya adhabu ya Safari ya zamani haikuwa kiboko cha mkosaji. Ilikuwa ndiyo rula yenyewe ya kupimia mbio. Dereva aliyekwama mtoni Tana kwa sababu ya mafuriko aliadhibiwa sawasawa na yule aliyepitiwa na usingizi, na hakuna aliyeulizwa sababu. Muda uliotolewa katika baadhi ya sehemu ulikuwa mfupi kiasi kwamba kuchelewa hakukuepukika. Mashindano yakawa ya kuchelewa kidogo kuliko wenzako. Ukali wake unaonekana katika miaka ya 1963 na 1968, ambapo ni magari saba pekee yaliyofika mwisho kila mara.

Kwa vipimo hivyo vya dakika nzima, ilikuwa lazima siku moja wawili walingane. Waandalizi walilijua jambo hilo na wakaliwekea kanuni mapema: wakitoka sare, ushindi ungekwenda kwa aliyesafiri umbali mrefu zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata alama yake ya kwanza ya adhabu. Mehta, akiendesha Datsun 240Z huku akielekezwa na Lofty Drews, alikuwa ameibakiza kadi yake safi kwa mwendo mrefu zaidi kuliko Källström na mwelekezi wake Claes Billstam, waliokuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Hivyo ndivyo taji lilivyoamuliwa.

Je, ilikuwa haki? Wapo wanaoona kwamba kanuni hiyo ina upendeleo. Dakika iliyopotea siku ya kwanza haina uzito kuliko dakika iliyopotea usiku wa mwisho, dereva akiwa macho mekundu na gari limelegea kila skrubu. Zaidi ya hayo, anayepangwa nyuma hula vumbi la waliotangulia, na mvua ikinyesha hukuta barabara imekwisha kuchimbuliwa na magurudumu ya wenzake. Kwa mtazamo huo, usafi wa kadi katika kilomita za awali ni suala la bahati kwa kiasi fulani. Tena magari yenyewe hayakuwa sawa: 240Z ilikuwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4, ilhali 1800 SSS ilikuwa na silinda nne na lita 1.8 tu. Anayetaka kumtetea Källström ana hoja nzito, na mwandishi huyu haoni aibu kusema kwamba, kwa kuangalia magari tu, Msweden huyo alifanya kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo, jambo moja linaipa kanuni ile nguvu ambayo hoja hizo haziwezi kuivunja. Iliandikwa kabla ya gari la kwanza kuondoka. Haikumtaja Mehta wala Källström, haikujua nani mwenyeji na nani mgeni, na haikumwachia meneja wa Datsun nafasi ya kuchagua kipenzi chake. Mtu anaweza kusema kwamba ni kanuni mbaya, lakini hawezi kusema kwamba alitungiwa yeye.

Kwa Mehta ushindi ule ulikuwa na uzito wa pekee. Alizaliwa Uganda katika ukoo mashuhuri wa wazalishaji sukari, na mwaka 1972 ni mmoja wa Waasia waliolazimika kuihama nchi hiyo kwa amri ya Idi Amin. Aliponyanyua kombe mwaka uliofuata alikuwa mkazi wa Kenya. Alikuwa pia ameonja upande wa pili wa shilingi: mwaka 1971 alimaliza wa pili, na aliyemtangulia alikuwa mwenzake wa timu hiyo hiyo ya Datsun, Edgar Herrmann, kwenye gari la aina ile ile ya 240Z. Baadaye Mehta alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na jumla yake ikawa mataji matano. Katika ushindi wa 1980 na wa 1981, nyuma yake alikuwapo tena dereva wa Datsun, Rauno Aaltonen wa Ufini, mtu aliyeijia Safari mwaka baada ya mwaka na kumaliza wa pili mara kadhaa bila ya kuishinda hata siku moja.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hakuna zizi dogo kuliko timu ya magari ya mashindano. Dereva wa timu pinzani ana visingizio vingi: injini yao ni bora, matairi yao ni mapya, mafundi wao ni wengi. Mwenzako wa timu hukunyima visingizio vyote hivyo. Ana gari kama lako, mafundi wale wale, na mshahara unaotoka kwa kampuni ile ile. Akikushinda, kila mtu atajua kwamba tatizo ni wewe. Ndiyo maana dereva mzoefu humwogopa zaidi aliye upande wake kuliko aliye upande wa pili.

Meneja wa timu huliona jambo kwa jicho jingine. Kampuni inataka kuuza magari, na tangazo la gazetini litakuwa lile lile, awe ameshinda huyu au yule. Hofu yake ni moja tu: wawili wake wasije wakasukumana hadi wakatumbukia mtaroni pamoja na kumwachia adui kombe. Kutokana na hofu hiyo huzaliwa amri za timu, na hapo ndipo adhabu huacha kuwa rula na kugeuka kuwa chombo mikononi mwa mkubwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Catalunya, Uhispania, mwaka 1995. Timu ya Subaru ilikuwa ikiongoza kupitia Carlos Sainz, mwana wa nchi hiyo, na Colin McRae wa Scotland. Wakuu wa timu waliwaamuru madereva wabaki katika nafasi zao. McRae alikaidi, akaongeza kasi na kumpita Sainz kwa hesabu ya muda. Timu haikumpokonya ushindi kwa maneno. Ilimlazimu aripoti kwa kuchelewa katika kituo cha ukaguzi ili apate adhabu ya muda itakayomrudisha nyuma ya mwenzake. Sainz akawa mshindi mbele ya watu wake. Wawili hao walikwenda kwenye mashindano ya mwisho ya mwaka, RAC ya Uingereza, wakiwa na pointi 70 kila mmoja, na huko McRae akashinda na kuwa bingwa wa dunia.

Kwa macho ya karani wa saa, adhabu ya McRae haikuwa na kasoro. Alichelewa, akaandikiwa. Lakini Källström aliadhibiwa na barabara, ilhali McRae aliadhibiwa na mwajiri wake kwa mkono wa karani. Kanuni ilikuwa ile ile ya saa. Kilichobadilika ni nani aliyeishika.

Upande wa mbio za Formula One, mwaka 2007 ulitoa kisa kingine ambacho mashabiki wa Nairobi hawajakisahau. Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, na Lewis Hamilton, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, waliendeshea McLaren. Huko Hungary, wakati wa kuwania nafasi za kuanzia mbio, Hamilton alikataa kumpisha Alonso kama timu ilivyokuwa imepanga. Alonso naye, baada ya kubadilishiwa matairi, alisimama tuli sehemu ya mafundi huku Hamilton akingoja nyuma yake, hata kijana huyo akakosa muda wa kufanya mzunguko wake wa mwisho. Wasimamizi wa mbio walimrudisha Alonso nyuma kwa nafasi tano. Hawakuishia hapo: waliamua pia kwamba McLaren isipate pointi za timu katika mbio hizo, ingawa Hamilton alishinda.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliipata McLaren na hatia ya kuwa na siri za kiufundi za Ferrari. Timu ilitozwa faini ya dola milioni 100 za Marekani na kufutiwa pointi zake zote za mwaka. Madereva wake wawili waliachiwa pointi zao. Msimu ulipofungwa, Kimi Räikkönen wa Ferrari alikuwa na pointi 110, naye Hamilton na Alonso wakawa na 109 kila mmoja. Walikuwa wamelingana hata kwa ushindi, mbio nne kwa nne. Hamilton aliandikwa wa pili kwa sababu alimaliza katika nafasi ya pili mara tano, Alonso mara nne. Miaka 34 baada ya Mehta na Källström, wawili wa timu moja walitenganishwa tena na kifungu cha kanuni kilichoandikwa kabla ya msimu kuanza, na kwa hilo hapakuwa na malalamiko makubwa. Kelele zote zilihusu zile adhabu nyingine, zilizotolewa njiani na watu waliokuwa wakipima nia.

Swali la nani aadhibiwe, dereva au timu, si geni kwa mkazi wa Eastlands. Hulishuhudia kila alfajiri katika Barabara ya Jogoo. Matatu mbili za nambari 58 za kutoka Buruburu zinaweza kuwa na rangi moja na jina moja la chama ubavuni, lakini mbio kati yao za kuwahi abiria wa steji inayofuata ni kali kuliko zile za vyama tofauti. Kila dereva ana kiasi cha fedha anachopaswa kumkabidhi mwenye gari jioni, na kinachozidi ndicho chakula chake na cha makanga wake. Abiria aliyechukuliwa na mwenzake wa chama hamsaidii kitu.

Serikali imejaribu njia zote mbili za kuadhibu. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililenga gari moja moja na wahudumu wake: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na sare za kazi. Baadaye mkondo uligeuka kuelekea vyama. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka mwenye matatu awe mwanachama wa chama cha ushirika au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, imewahi mara nyingi kusimamisha leseni ya chama kizima kwa makosa ya magari machache.

Anayeunga mkono adhabu ya pamoja husema kwamba chama ndicho kinachomjua dereva wake na ndicho chenye uwezo wa kumtia adabu, kama vile McLaren ilivyokuwa na uwezo wa kumwambia Alonso aondoe gari. Hoja hiyo haina ubaya wowote, mpaka umfikirie dereva wa Umoja ambaye hajawahi kuvuka mstari wa manjano, anayeambiwa asubuhi kwamba gari lake halitatoka kwa sababu ya mwenzake aliyeendesha vibaya usiku. Kwa McLaren faini ililipwa na kampuni tajiri. Huku, siku bila kazi ni siku bila unga. Adhabu ya pamoja inaweza kutetewa pale tu ambapo mwenye kuadhibiwa alikuwa na namna ya kuzuia kosa. Dereva wa gari la pili hana namna hiyo.

Kuna upande mwingine wa adhabu ambao Safari imeufahamu vyema, nao ni ule wa kuadhibiwa kwa tendo la watu wengine kabisa. Mwaka 1999 Tommi Mäkinen wa Mitsubishi, bingwa wa dunia wakati huo, aliondolewa mashindanoni kwa sababu alipata msaada wa watu wa nje, yaani watazamaji. Kwa kanuni za kimataifa uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa Mkenya aliyelelewa na picha za zamani za wanakijiji wakisukuma magari kutoka matopeni, wakicheka na kupakwa tope hadi usoni, uamuzi huo ulikuwa kama kumshtaki mtu kwa kusalimiwa. Barabara zilikuwa wazi, watu walikuwa kando yake, na kusaidia aliyekwama ni desturi. Ni vigumu kuileta kanuni ya Ulaya katika barabara ya Afrika bila kuacha pengo la namna hiyo.

Mehta mwenyewe alikuwa katika uongozi wa mchezo huo wakati mambo hayo yakibadilika. Alipostaafu udereva aliingia FIA na kupanda hadi kuwa mkuu wa tume inayosimamia mashindano ya dunia ya aina ya Safari. Mtu aliyepata taji lake la kwanza kwa kifungu cha kanuni akawa mmoja wa walinzi wa vifungu. Alifariki London mwezi Aprili 2006. Källström alimfuata mwaka 2009.

Safari Rally ilitoka katika ratiba ya dunia baada ya mwaka 2002 na kurejea 2021 ikiwa na sura nyingine. Barabara wazi hazipo tena. Madereva hushindana katika mikondo iliyofungwa, mingi ikiwa maeneo ya Naivasha. Mwaka huo wa 2021, na iliyofuata, mkondo wa kuwafurahisha mashabiki ulifanyika Kasarani, mahali ambapo mkazi wa Kariobangi au Dandora hufika kwa nauli ndogo ya matatu. Muda sasa hupimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sare ya namna ya 1973 imekuwa jambo gumu kutokea.

Ushindani wa wenza wa timu, kwa upande wake, haujapungua. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza, ikiongozwa na Kalle Rovanperä. Mwaka 2023 ilirudia jambo hilo hilo, ila mara hii Sébastien Ogier akiwa mbele na Rovanperä nyuma yake, tofauti yao ikiwa sekunde 6.7 tu. Chini ya kanuni za sasa, dereva anayechelewa kufika kituo cha ukaguzi huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Dakika moja ya Ogier kituoni ingetosha kumpa mwenzake kombe.